Pesa Ije Mwisho: Wosia kwa Wajukuu wa Kabras Wanaoitazama Ujerumani

Wajukuu wangu wapendwa, mlioko Malava na Chimoi, Samitsi na Chegulo, Butali, Shamberere na Manda, na ninyi mliotoka kutafuta riziki Eldoret na Nairobi, nisikilizeni.

Mimi Kuka wenu, yaani babu yenu, nimekula chumvi nyingi. Nilifundisha hesabu katika shule za huku kwetu Kabras, Kakamega, hadi nikastaafu, na wengi wa wazazi wenu walipita mikononi mwangu. Sasa macho yamechoka, na sokoni Malava sifiki bila kushikwa mkono. Mashamba nimekwisha kuyagawa mbele ya wazee wa ukoo na maandishi yapo, kwa hiyo hapo sina la kuongeza. Lililobaki moyoni ni la masomo, hasa masomo ya Ujerumani, maana haupiti mwezi kabla kijana hajafika hapa nyumbani na simu mkononi, akiniuliza kama aliyoyasoma ni ya kweli.

Neno langu lote ni hili: cheti kiwe cha kwanza, lugha iwe ya pili, barua ya chuo iwe ya tatu, na pesa ije mwisho. Familia zetu nyingi huanza kinyume. Shamba la miwa linatafutiwa mnunuzi, chama kinakopwa, harambee inaitwa, na baada ya hayo ndipo mtu anapouliza kama cheti cha mtoto kinakubalika huko anakopelekwa. Ninawausia mkiwa bado na nafasi ya kuugeuza mpango huo.

Njia ya kwenda kusoma Ujerumani si ngeni kwa Wakenya. Marehemu Raila Odinga aliondoka nchini mwaka 1962 akiwa kijana wa miaka 17, akaenda Ujerumani Mashariki. Hakuingia darasa la uhandisi siku aliyoshuka. Alikaa kwanza katika Taasisi ya Herder mjini Leipzig, akijifunza Kijerumani na kuandaliwa, na mwaka 1965 ndipo alipojiunga na chuo cha ufundi cha Magdeburg, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Otto von Guericke. Alihitimu uhandisi wa mitambo mwaka 1970, akarudi nyumbani, akafundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, na akaanzisha kampuni iliyokuja kujulikana kwa kutengeneza mitungi ya gesi. Watu husimulia siasa zake na kusahau miaka ile ya Leipzig, na bila miaka ile hakungekuwa na mhandisi.

Profesa Wangari Maathai alipita mlango mwingine. Alikuwa tayari na shahada ya uzamili ya biolojia kutoka Pittsburgh, Marekani, na alikuwa na kazi katika chuo kikuu cha Nairobi, alipokwenda Giessen na Munich mwaka 1967 kwa ajili ya utafiti. Uzamivu wenyewe aliupata Nairobi mwaka 1971, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kuufikia, na mwaka 2004 akatunukiwa Nishani ya Amani ya Nobel.

Mmoja alianza na lugha, mwingine alianza na shahada mkononi. Milango hiyo miwili ipo hata leo, na kila mmoja wenu lazima ajue ni upi ulio wake.

Cheti chako kinafungua nini

Ninaanza na ninyi mliomaliza kidato cha nne. Kwetu, C+ ya KCSE inakupa sifa ya kuingia chuo kikuu. Wajerumani wana kipimo chao. Mtoto wao hukaa shuleni miaka 12 au 13, kisha hufanya mtihani uitwao Abitur, na cheti cha mgeni hupimwa kwa huo. Kwa KCSE peke yake, hata ikiwa na alama za kujivunia, kwa kawaida huingii moja kwa moja mwaka wa kwanza wa shahada. Atakayekwambia vinginevyo, mwombe akuonyeshe maandishi ya chuo chenyewe.

Njia ni mbili. Ya kwanza ni kuanza shahada katika chuo kikuu kinachotambuliwa hapa Kenya, kama Masinde Muliro pale Kakamega, kisha kuomba Ujerumani katika fani hiyohiyo. Ya pili ni kupitia Studienkolleg, yaani chuo cha maandalizi. Huko husomi shahada bado. Unasoma mihula miwili, na mwishoni unafanya mtihani uitwao Feststellungsprüfung, ndio unaokupa ruhusa ya kuomba chuo kikuu. Madarasa yake yamegawanywa kwa herufi: T kwa wanaoelekea uhandisi, hesabu na sayansi, M kwa tiba, biolojia na famasia, W kwa uchumi na biashara, G kwa fasihi, historia na mengine ya aina hiyo. Ukisoma T huwezi kuamka asubuhi ukajiita mwanafunzi wa udaktari. Na kabla ya kupokelewa humo kuna mtihani wa kuingia, nao ni wa Kijerumani, na kwa fani nyingi hesabu pia. Vyuo vya maandalizi vya serikali kwa kawaida havitozi karo. Vya watu binafsi hutoza, tena si kidogo, na hivyo ndivyo mawakala wengi hupenda kuwauzia.

Kuna hazina ya taarifa iitwayo Anabin, inayowekwa na ofisi ya mawaziri wa elimu wa majimbo ya Ujerumani. Iko wazi kwa kila mtu, bila malipo. Ndani yake utaona cheti cha nchi yako kinahesabiwaje, na kila chuo kikuu kimewekewa alama: H+ maana yake kinatambuliwa, H- maana yake hakitambuliwi, na baadhi huwekwa katikati ili vichunguzwe zaidi. Imeandikwa kwa Kijerumani, lakini simu zenu zinatafsiri. Kijana atumie saa moja katika saiba ya Malava akisoma Anabin kabla mzazi wake hajatumia shilingi. Baada ya hapo aandikie ofisi ya wanafunzi wa kimataifa ya chuo anachokitaka, aambatishe matokeo yake, aulize waziwazi. Watu wa ofisi hizo huajiriwa kujibu maswali hayo.

Nanyi wadogo mlioingia Gredi ya 10 Januari 2026, ninyi wa kwanza katika sekondari ya juu ya mtaala mpya, chagueni mkondo mkijua kwamba Mjerumani hutazama masomo uliyoyasoma, wala haridhiki na alama ya jumla. Anayeutamani uhandisi asiikimbie hisabati kamili wala fizikia kwa sababu rafiki yake ameikimbia.

Shahada haziko sawa

Ujerumani ina vyuo vya elimu ya juu zaidi ya 400, na vijana hunitajia vyote kwa jina moja la "yunivasiti". Vitofautisheni. Kuna vyuo vikuu vya utafiti, vikiwemo vile vya teknolojia kama Aachen, Dresden na Munich. Humo nadharia ni nzito, na ndimo uzamivu hutolewa kwa sehemu kubwa. Kisha kuna vyuo vya sayansi tumizi, vilivyojulikana zamani kama Fachhochschule. Profesa wa huko lazima awe amefanya kazi nje ya chuo kwa miaka kadhaa kabla ya kufundisha, na mwanafunzi mara nyingi hupelekwa kiwandani au ofisini muhula mzima. Bachelor na Master za pande zote mbili zina hadhi moja kisheria. Kijana aliyekulia karibu na kiwanda cha sukari, anayependa kujua kwa nini boila imezimika na mtambo wa kukamua umekwama, huenda akafaidi zaidi katika chuo cha aina hiyo kuliko katika chuo chenye jina kubwa. Chagueni kwa kipaji, jina litafuata.

Shahada ya kwanza, Bachelor, huchukua mihula 6 hadi 8. Uzamili, Master, ni mihula 2 hadi 4. Masomo huhesabiwa kwa krediti za ECTS, ambazo Ulaya ilizieneza baada ya mapatano ya Bologna ya mwaka 1999. Mwaka mmoja ni krediti 60, na huko krediti moja ni kama saa 30 za kazi, darasani na chumbani kwako. Shahada ya krediti 180 basi ni saa 5,400. Hesabu hiyo mwekee anayefikiri atasoma shahada hiyo huku akifanya kazi usiku na mchana.

Udaktari, famasia na sheria ziko pembeni, maana hazina Bachelor na Master kama nyingine. Huishia kwenye mtihani wa dola uitwao Staatsexamen. Tiba ni zaidi ya miaka sita, katika vyuo vya umma hufundishwa kwa Kijerumani, nafasi ni chache na mchujo ni mkali hata kwa Wajerumani wenyewe. Na sheria yao ni sheria ya nchi yao: atakayeisomea kwa nia ya kuja kuwa wakili Kakamega atajitaabisha bure.

Kwa wenye shahada tayari, uzamili ndio mlango mpana kuliko yote, kwa sababu kozi nyingi za ngazi hiyo hufundishwa kwa Kiingereza. Ila someni aina yake. Kuna uzamili unaoendeleza shahada uliyonayo, na huo hudai fani zilingane: mwenye shahada ya biashara haingii uhandisi wa maji kwa kuwa ameupenda. Kuna pia uzamili wa walio kazini, unaodai uzoefu, na huo hutozwa karo hata katika vyuo vya umma. Uzamivu nao huanza kwa kumpata profesa atakayekubali kukusimamia. Mwandikie kuhusu utafiti wake, akuone umeusoma.

Walimu, maafisa wa kilimo na wahandisi vijana mlio kazini, litafuteni jina la DAAD, shirika la Wajerumani la kubadilishana wanafunzi na wasomi. Lilianzishwa mwaka 1925, na ofisi yake ya Nairobi ina zaidi ya miaka 50. Lina ufadhili wa uzamili kwa watu wa nchi zetu waliofanya kazi angalau miaka miwili, kwa mfano katika mipango ya maendeleo ya kanda kule Dortmund na nishati jadidifu kule Oldenburg. Shahada yako isiwe imezeeka kabatini, kwa kawaida wanataka isizidi miaka sita. DAAD haliuzi nafasi. Anayekuomba pesa ili akupatie ufadhili wake ni mwizi.

Na kuna Ausbildung, mafunzo ya kazi ya miaka miwili hadi mitatu na nusu, ambapo mwanafunzi hugawanya wiki yake kati ya shule na mwajiri na hulipwa posho kila mwezi. Uuguzi, ufundi wa umeme na ufundi wa mitambo hupatikana humo. Si shahada, na wala si aibu. Kijana aliyepita chuo cha ufundi cha Shamberere na mikono yake ikaizoea kazi, aipime njia hii kwa uzito uleule. Kosa ni kuuziwa Ausbildung ukaambiwa ni chuo kikuu.

Lugha haiharakishwi

Wajerumani hupima lugha kwa ngazi kutoka A1 hadi C2. Chuo cha maandalizi kwa kawaida hudai B1 au B2. Shahada inayofundishwa kwa Kijerumani hudai zaidi, na hapo utasikia majina ya mitihani kama TestDaF, ambao vyuo vingi hutaka daraja la 4 katika sehemu zote nne, au DSH ya daraja la 2. Kwa kozi za Kiingereza vyuo vingi hudai IELTS au TOEFL, na baadhi hukubali barua ya chuo chako ikithibitisha kwamba ulisoma kwa Kiingereza.

Goethe-Institut pale Maendeleo House, Nairobi, hufundisha na kutahini. Anayekuahidi B2 kwa miezi mitatu anakuuzia upepo. Ngazi hizo hutaka mamia ya saa na ulimi unaosemeshwa kila siku. Mimi ninaona kijana aliyeanza A1 akiwa nyumbani, huku anapalilia mahindi na kusikiliza masomo kwenye simu, amekwisha kujipima kabla ukoo haujampima. Lugha ndiyo itakayowaonyesha wazazi nani ana nia ya kweli na nani anataka ndege tu.

Hata mtakaosoma kwa Kiingereza, jifunzeni Kijerumani. Darasani watawasemesha Kiingereza, lakini mwenye nyumba, karani wa bima na msimamizi wa kazi watazungumza lugha yao. Na msione haya kwa Kiswahili chenu: Leipzig, alikojifunza Raila, ndiko mshairi wetu Abdilatif Abdalla alikofundisha Kiswahili kwa miaka mingi. Lugha zenu ni mali.

Alama zako machoni pao

Hili nimelifanyia hesabu mara nyingi na vijana kwenye meza yangu, na ninataka libaki. Huko Ujerumani 1.0 ndiyo alama bora, 4.0 ndiyo ya kupita kwa shida, na 5.0 ni kuanguka. Alama ya mgeni hugeuzwa kwa kanuni ya Bavaria: chukua alama ya juu kabisa, toa yako, gawanya kwa tofauti kati ya ile ya juu na ile ya kupita, zidisha kwa 3, ongeza 1.

Tuseme chuo kimehesabu 100 kuwa kilele na 40 kuwa alama ya kupita. Kijana mwenye 64, ambaye kwetu ana daraja la pili la juu na amefanyiwa sherehe, anakuwa hivi: 100 kutoa 64 ni 36, gawanya kwa 60 ni 0.6, mara 3 ni 1.8; jumlisha 1 ni 2.8. Kozi nyingi za uzamili hudai 2.5 au bora zaidi, na kwa hesabu hii 2.5 ni sawa na 70, ambayo kwetu ni mlango wa daraja la kwanza. Chuo kikichukua kilele kingine, hesabu hubadilika. Kwa hiyo ulizeni kila chuo kinatumia kilele gani kwa Kenya, mjipime kabla ya kulipia maombi. Na mlio mwaka wa kwanza Masinde Muliro leo, jueni kwamba alama mnazozidharau sasa ndizo zitakazowasemea baada ya miaka minne.

Karatasi na majina

Maombi ya vyuo vingi hupitia uni-assist, ofisi ya Berlin inayokagua vyeti. Ada yake ni euro 75 kwa chuo cha kwanza na 30 kwa kila kinachofuata katika muhula huohuo. Tarehe za mwisho zilizozoeleka ni 15 Julai kwa muhula wa baridi unaoanza Oktoba, na 15 Januari kwa muhula wa kiangazi, ingawa kozi za Kiingereza mara nyingi hufunga mapema zaidi. Anayefika uni-assist tarehe 14 Julai bila cheti cha lugha amekwisha kujinyima.

Sisi Wakabras tuna tatizo letu. Babu aliitwa Shiundu. Karani wa kuzaliwa akaandika Siundu. Mwalimu wa KCPE akarudisha Shiundu. Kwenye kitambulisho jina la ubatizo likaja mwisho. Khaemba akapoteza h, Makokha akaongezewa herufi. Kwetu hakuna anayeshangaa, maana tunajuana. Mkaguzi wa Berlin haoni mtu, anaona karatasi, na kwake hao ni watu wawili. Nenda Huduma Centre Kakamega mapema, sahihisha, pata kiapo au hati ya kubadili jina inapobidi. Weka vyeti halisi mahali pakavu, peleka nakala zilizothibitishwa tu, wala usimwachie wakala cheti chako cha KCSE kwa sababu yoyote. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Sasa pesa

Mmeona nimechelewa kuitaja. Ni kweli kwamba vyuo vya umma karibu vyote havitozi karo, wala kwa mgeni. Jimbo la mwisho kuifuta lilikuwa Niedersachsen, mwaka 2014. Kuna tofauti zake: Baden-Württemberg huwatoza wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu mwaka 2017, na Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Munich kilianza kuwatoza wageni wapya mwaka 2024, kati ya euro 2,000 na 6,000 kwa muhula kulingana na kozi. Vyuo vya binafsi hutoza vyote. Kila mahali kuna mchango wa muhula, na mara nyingi ndani yake mna nauli ya basi na treni.

Lakini elimu bila karo si maisha bila gharama. Ili upewe viza, lazima uonyeshe unavyoweza kujikimu. Kwa wengi hiyo ni akaunti iliyofungwa yenye euro 11,904 kwa mwaka, kiwango kilichowekwa mwaka 2024. Kwa shilingi 150 kwa euro, hiyo ni karibu milioni 1.8. Ieleweni vizuri: pesa hiyo hailipwi kwa chuo wala kwa serikali. Ni yako, na ukifika unafunguliwa euro 992 kila mwezi za kodi ya nyumba, chakula na bima ya afya ambayo ni lazima. Viza ikikataliwa, pesa hurudishwa. Mwenye ufadhili kamili haihitaji, na wapo wanaodhaminiwa na mtu anayeishi huko kwa hati maalumu ya serikali ya Ujerumani.

Akaunti hii huwekwa baada ya barua ya chuo kupatikana. Ndiyo maana nasema pesa ije mwisho. Kama barua haijaja, hakuna sababu ya shamba kuuzwa. Na barua ikija, isomwe mpaka mwisho. Nimewahi kuletewa barua ambayo familia ilikuwa imeishangilia kwa siku kadhaa, na wakala alikuwa amekwisha kulipwa. Kumbe ilikuwa ya kozi ya lugha, shahada haikutajwa popote. Karatasi ilisema kweli. Waliosoma ndio hawakuambiwa.

Usiache mbachao kwa msala upitao. Ardhi ya Kabras ikishauzwa hairudi kwa bei uliyoiuzia. Kama lazima ukoo usaidie, tuchange kwa zamu, tukope kwa sacco kwa kiasi cha kulipika, tukodishe shamba kwa misimu bila kuliuza. Na msaada huo uende kwa aliyefuzu lugha na kupata barua, awe mvulana au msichana. Ninalisisitiza hili mbele ya wanaume wa ukoo: binti akiwa na cheti na lugha, asiambiwe asubiri kaka yake amalize kwanza kuhangaika.

Kuhusu mawakala na habari za barabarani

Mwaka 2023 wazazi wa Uasin Gishu, majirani zetu, waliandamana Eldoret kwa sababu ya mpango wa masomo ya Finland na Canada. Walikuwa wamelipa, wengi wa watoto hawakusafiri, na jambo likafika mahakamani. Wale hawakuwa wajinga. Waliamini kwa sababu mpango ulikuja na mihuri na majina ya wakubwa. Muhuri hautoshi kuwa ushahidi. Ushahidi ni barua inayotoka kwa chuo chenyewe, ambayo wewe mwenyewe umeiandikia chuo ukathibitisha.

Tarehe 13 Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba wa uhamiaji na ajira mjini Berlin. Barabarani ikasemwa kuna nafasi 250,000 za kazi, na serikali ya Ujerumani ikajitokeza kukanusha kwamba mkataba una idadi yoyote. Mkataba huo haukupunguza ngazi moja ya lugha wala haukugeuza cheti cha mtu.

Mkifika

Kazi mnaruhusiwa: tangu Machi 2024 mwanafunzi wa nje anaweza kufanya siku 140 nzima kwa mwaka, au nusu siku 280. Itawasaidia, lakini haiwezi kubeba kila kitu. Mji pia una uzito wake, maana kodi ya Munich haifanani na ya Magdeburg au Chemnitz. Mwalimu wa huko hatakuita jina wala kukuuliza kwa nini hukuja. Mtihani wa mwisho ndio utakaouliza. Na katika kozi nyingi, ukianguka mtihani wa lazima mara tatu unaondolewa, na kwa kawaida fani hiyo huwezi kuisoma tena katika chuo kingine cha Ujerumani. Ukilemewa, sema mapema: kwa chuo, kwa wenzako, kwetu nyumbani. Hakuna atakayewacheka hapa aliyesema kweli.

Na sisi wazazi na wazee tusiwageuze watoto hawa kuwa benki. Mwaka wa kwanza tusiombe pesa ya bati kwa mwanafunzi anayeishi kwa euro 992.

Ukihitimu, sheria yao inakupa hadi miezi 18 ya kutafuta kazi inayolingana na shahada yako. Itumie kama ukiona vyema. Ukirudi, shahada ipelekwe kwa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu itambuliwe, na mhandisi au daktari ajisajili na bodi yake. Siwalazimishi kurudi, lakini mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Kabras inahitaji watu wanaojua maji, mitambo, udongo na dawa. Atakayebaki huko na afundishe mmoja wa hapa njia aliyoipita, bila kumtoza, kama mimi nilivyojaribu kufanya kwenye meza hii.

Wajukuu wangu, ninawaombea Mungu awape akili ya kuuliza na subira ya kusubiri majibu. Someni waraka huu pamoja, kijana na mzazi wake, na yeyote atakayeuweka wosia huu kando akauza ardhi kabla cheti hakijapimwa, lugha haijaiva na barua ya chuo haijathibitishwa, asiseme Kuka hakumwambia. Anzeni leo kwa kufungua Anabin.

Kuka wenu,
Mwalimu mstaafu,
Kabras.